Semei Kakungulu: Aliyesoma Amri Akaitii

Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Buganda na Mkristo wa Kiprotestanti. Kuanzia mwaka 1899 aliziteka nchi za mashariki ya Uganda kwa niaba ya Waingereza, akitaraji kufanywa mfalme huko. Hawakumpa ufalme huo.

Akiwa Mbale, aliisoma kwa makini Biblia ya Kiganda, hasa vitabu vya Musa. Akaona kizazi cha Nabii Ibrahim kimeamrishwa tohara, na Sabato ni siku ya saba. Akauliza kwa nini wasomaji wenzake hawatekelezi. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe. Alipoambiwa kwamba hayo ni ya Mayahudi, akakubali kuitwa Myahudi, akaachana na wenzake.

Alifariki mwaka 1928. Jamii yake, Abayudaya, ingaliko karibu na Mbale, ingawa Idi Amin aliipiga marufuku dini yao.

Ndugu zangu, itikadi yake si yetu, sisi tuna sheria aliyokuja nayo Mtume Muhammad (s.a.w.). Lakini swali lake latuhusu: amri tunayoisoma kila siku, mbona hatuitendi? Suratul Jumua yatuonya tusiwe wabebaji wa kitabu tu.