Habari za Hammurabi, Mfalme wa Babeli

Jina la Babeli twalijua sote, bali mfalme aliyeukuza mji ule wengi wetu hatumjui. Huyo ni Hammurabi. Alikirithi kiti cha baba yake, Sin-muballit, yapata mwaka 1792 kabla ya kuzaliwa Kristo, kama wataalamu wengi wahesabuvyo.

Nchi yake ilikuwa kando ya mito Frati na Hidekeli, katika nchi iitwayo sasa Iraki. Mvua ya huko ni haba mno, shayiri haioti pasipo maji ya mifereji. Tena mito hufurika mavuno yakiwa karibu, na tope lake huziba mifereji. Kazi hii haimwezekani mtu mmoja. Kwa hiyo watu wa bonde lile, zaidi ya miaka elfu kabla ya Hammurabi, walikuwa wamekwisha jenga miji na kuandika hesabu za nafaka.

Kwa muda wa miaka kama 30 ufalme wake haukuwa mkubwa. Kisha, mwaka 1763, akamshinda Rim-Sin, mfalme wa Larsa, na baadaye akaubomoa ukuta wa Mari. Lakini hakupigana vita tu. Alichimba mfereji mkubwa kuipatia maji miji ya kusini, hata Uru, na kwa barua aliwaagiza wakuu wake waizibue mifereji iliyozibika.

Mwisho wa enzi yake aliziandika sheria zake, kama 280, juu ya jiwe refu kupita mita 2. Mtu aliyezembea kutengeneza ukingo wake, maji yakafunika mashamba ya jirani, alipaswa kuilipa nafaka iliyopotea. Asipoweza, aliuzwa yeye na mali zake, na waliopata hasara wakagawana fedha. Bali mdeni ambaye shamba lake liliharibiwa na mafuriko au ukame hakulipa deni mwaka ule, wala faida yake. Ndivyo tuonavyo ukali na huruma katika jiwe moja.

Hammurabi alikufa yapata mwaka 1750, na siku za mwanawe, Samsu-iluna, miji ya kusini ikapotea. Waelamu walilichukua jiwe lile nyara mpaka Susa, huko Uajemi. Likafukuliwa mwaka 1901, na sasa limewekwa Paris. Nasi twajifunza kwake ya kuwa ufa katika ukingo wa mmoja ni msiba wa kijiji kizima.