Leônidas da Silva: Kutoka Uwanjani hadi Redioni
Tikitaka, ambayo vijana wa Makorora jijini Tanga wanaifahamu vyema, ilipata umaarufu duniani kupitia Leônidas da Silva, mshambuliaji mweusi aliyezaliwa Rio de Janeiro, Brazil, mwaka 1913, zama ambazo baadhi ya klabu za huko ziliwabagua watu weusi.

Katika Kombe la Dunia la 1938 nchini Ufaransa aliibuka mfungaji bora kwa mabao 7. Nusu fainali dhidi ya Italia hakucheza. Brazil ikafungwa 2-1, na uamuzi wa kumweka nje ulizua mjadala wa miaka mingi.

Alipotundika daluga aligeukia redio, akawa mchambuzi wa soka aliyeheshimika São Paulo. Uzeeni, maradhi yalimpokonya kumbukumbu. Alifariki dunia Januari 24, 2004.