Ernst May aliliuliza jua, akawasahau wenyeji

Nyumba nyingi tunazojenga Kisii na Nyamira zina kasoro moja: fundi hutazama barabara kabla ya kutazama jua. Mabati hupigiliwa bila dari, naye mwenye nyumba huungua mchana na kutetemeka usiku. Ndiposa naona yafaa walimu na wanafunzi wayajue maisha ya Ernst May, msanifu majengo aliyeishi Afrika Mashariki kwa takriban miaka ishirini.

May alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1886. Kati ya 1925 na 1930 alisimamia mipango ya jiji hilo, na maelfu ya familia zikapata nyumba nafuu zenye mwanga na hewa safi. Mwaka 1930 alikwenda Muungano wa Sovieti kupanga miji mipya. Wanazi walipotwaa Ujerumani mwaka 1933, njia ya kurudi kwao ikafungwa. Mwaka 1934 alihamia Tanganyika, akawa mkulima karibu na Arusha, kisha akarudia usanifu. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili Waingereza walimweka kizuizini kwa kuwa Mjerumani. Alipoachiliwa, akaendelea na kazi yake Kenya na Uganda.

Hapa alijifunza kwamba katika nchi za ikweta kuta za mashariki na magharibi ndizo hupigwa zaidi na jua. Akazifanya fupi, akaongeza veranda na vizuia jua, akaacha hewa ipenye chumbani kutoka upande hadi upande. Hayo yote hayakuhitaji umeme. Hoteli ya Oceanic ya Mombasa ilitokana na michoro yake.

Hata hivyo, sifa haifuti kosa. Mpango wake wa kupanua Kampala, wa miaka ya 1940, ulifuata matakwa ya wakoloni ya kuwatenga watu kwa rangi. Alibuni pia nyumba ya Waafrika ya vipande vya saruji vilivyopinda kama tao, akikumbuka umbo la msonge. Haikuenea. Nionavyo mimi, alimfikiria Mwafrika pasipo kumshirikisha. Alirejea Ujerumani katika miaka ya 1950, akafariki Hamburg mwaka 1970.

Tusimwige basi kama kasuku. Kisii si Mombasa. Milimani kwetu mvua ni nyingi na usiku una baridi, kwa hiyo jua la asubuhi ni rafiki. Dari chini ya mabati huzuia joto la mchana lisiingie na la usiku lisitoroke. Paa lililotokeza nje huulinda ukuta wa udongo. Matofali ya udongo na saruji kidogo, yaliyoshindiliwa na kukaushwa bila tanuri, huokoa kuni. Wazee wetu waliokandika kuta nene na kuezeka kwa nyasi walijua kuhifadhi joto kabla hatujasikia neno usanifu. Mwacha mila ni mtumwa.

Mwalimu, kabla wanafunzi wako hawajachora nyumba, wapeleke uwanjani wasimike kijiti na kupima kivuli chake asubuhi, adhuhuri na jioni. Kisha wawaulize wazee upepo wa mvua hutokea wapi. May aliifanya kazi ya kwanza kwa ustadi mkubwa. Ya pili alituachia sisi, na hapana budi tuifanye.