Hayati Karl Jansky Aliyesikia Sauti ya Nyota

Askari wa mawasiliano anajua adha ya makelele redioni. Makelele hayo ndiyo yaliyompa sifa Mmarekani Karl Jansky, aliyezaliwa mwaka 1905.

Kampuni ya simu ya Bell ilimwagiza atafute chanzo cha makelele hayo. Kwa eriali iliyozunguka juu ya magurudumu ya gari, alitambua radi, na pia mvumo uliorudi kila baada ya saa 23 na dakika 56. Huo ndio mwendo wa nyota, si wa jua. Mwaka 1933 alitangaza kuwa watoka katikati ya kundi letu la nyota.

Kampuni ikampa kazi nyingine. Akafariki mwaka 1950, bila heshima kubwa. Leo tunajua humo katikati mna shimo jeusi lenye uzito wa majua milioni nne. Nasi tunamheshimu: hakupuuza sauti ndogo akiwa zamuni.