Leo Fender: Fundi wa Magitaa Asiyejua Kupiga Gitaa

Ukiligeuza gitaa la umeme la bei nafuu, aghalabu utaona skrubu nne mgongoni, pale shingo inapokutana na ubao. Skrubu hizo ndizo zinazoniwezesha mimi, mtu wa kipato kidogo, kulitengeneza gitaa langu mezani nyumbani. Shukrani zimwendee marehemu Leo Fender.

Fender alizaliwa mwaka 1909 huko California, Marekani, wazazi wake wakiwa wakulima wa machungwa. Alipokuwa na umri wa miaka minane, jicho lake la kushoto liliota uvimbe, likatolewa, akawekewa la kioo. Alisomea uhasibu. Kazi ilipomponyoka wakati uchumi umeanguka, alikopa dola 600 na mwaka 1938 akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton. Wanamuziki wakaanza kumletea vyombo vyao. Yeye mwenyewe hakujua kupiga gitaa maishani. Alijua kuwasikiliza wapigaji.

Enzi hizo shingo za magitaa mengi zilishikizwa kwa gundi. Ikiharibika, kuibadilisha ni kazi ya fundi bingwa na gharama kubwa. Fender, aliyezoea kufungua redio, aliona gitaa nalo lifunguke. Gitaa lake la mwaka 1950, lililoitwa Telecaster mwaka uliofuata, lilikuwa ubao mzima usio na uwazi mkubwa tumboni, na shingo yake ilikazwa kwa skrubu. Hata sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba, ambazo hunasa mtikisiko wa nyuzi, zilifungika na kufunguka.

Viwanda vingi vimefuata mtindo huo, nami nimefaidi. Gitaa langu nililinunua kuukuu. Kwanza nilibadilisha vigingi vya kukazia nyuzi, kwani sumaku nzuri haiponyi nyuzi zinazolegea. Kisha nikasawazisha vyuma vya shingoni kwa tupa, polepole. Sumaku bora nililehemu mwisho, fedha zilipopatikana. Ubao ni ule ule, sauti ni nyingine.

Mwaka 1965 Fender aliiuza kampuni yake kwa CBS kwa dola milioni 13. Angaliweza kustarehe, lakini alirudi kwenye meza ya kazi akaendelea kubuni magitaa hadi uzeeni. Alifariki tarehe 21 Machi, 1991, akiwa na umri wa miaka 81. Matajiri wengi huacha majumba. Yeye alimwachia maskini gitaa linalofunguka kwa bisibisi.