Althea Gibson: bingwa aliyevalia viatu vya gofu ndani ya motokari

Kwa watu wengi wa Lubumbashi, Golf ni jina la kartie tu: manyumba makubwa, kuta ndefu, walinzi kwenye milango. Huku Kilwa, pembeni ya ziwa Moero, ni wachache walioona mutu akipiga kale kampira kadogo na fimbo. Ni muchezo wa wenye makuta, tunasema. Lakini huyu mwanamuke tunayemusimulia leo alizaliwa na walimaji wa pamba, na kila mara alipofika kwenye klabu za gofu, zingine zilimufungia mulango.

Althea Gibson alizaliwa tarehe 25 Agosti 1927 pale Silver, Carolina ya Kusini, inchi Marekani. Wazazi wake walilima katika shamba la mwingine na kugawana mavuno na mwenye udongo. Wazee wetu waliolimishwa pamba kwa lazima wakati wa Wabelji wataelewa bila kuambiwa mara mbili. Familia ilihamia Harlem, mutaa wa watu weusi wa New York. Masomo hakuyapenda. Alikuwa anatoroka na kucheza njiani siku nzima, na baba yake alimufundisha hata kupigana ngumi, juu asionewe na watoto wengine.

Jina lake la kwanza lilitoka kwa tenisi. Mwaka wa 1950 alikuwa mweusi wa kwanza kukubaliwa katika mashindano makubwa ya tenisi ya Marekani. Mwaka wa 1956 alishinda Ufaransa. 1957 na 1958 alishinda Wimbledon, Uingereza, na tena Marekani, miaka yote mbili. Malkia Elizabeth mwenyewe ndiye aliyemupa zawadi mwaka wa 1957. Aliporudi New York, walimupitisha katika barabara kubwa na watu wakamurushia vipande vya karatasi kama vile wanavyofanyia mashujaa wa vita. Kwetu, mwaka ule ule, Élisabethville ilikuwa ingali imegawanyika: ville ya Wazungu upande huu, cité ya weusi upande ule.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Zawadi ile haikuwa na franga hata moja ndani. Wakati ule wachezaji wa tenisi wa mashindano makubwa hawakulipwa. Mwenye kupokea makuta alifukuzwa. Ilikuwa sheria nzuri kwa watoto wa matajiri. Kwa mutoto wa mulimaji wa pamba, ilikuwa sawa na kumupa mutu kofia ya mufalme na sahani tupu. Kwa hiyo mwisho wa 1958 Althea aliacha yale mashindano. Alitoa sahani ya nyimbo, alicheza katika filme moja, akazunguka na timu ya mpira wa kikapu ya Harlem Globetrotters akionyesha tenisi mbele ya mechi zao. Makuta yaliingia, kisha yakatoka.

Ndipo alipogeukia gofu. Mwaka wa 1964, wakati mashariki ya Kongo ilikuwa katika vita ya Simba, yeye aliingia katika LPGA, chama cha wanamuke wenye kucheza gofu kama kazi. Alikuwa na miaka 37, umri ambao wengi wanafikiria kupumzika. Mweusi mwingine katika chama kile hakukuwa.

Tuelewane juu ya kazi yenyewe. Muchezaji wa gofu wa wakati ule hakukaa pahali pamoja: kila juma ni muji mwingine, na Althea aliendesha motokari yake mwenyewe kutoka jimbo mpaka jimbo. Hoteli zingine zilimukatalia chumba. Klabu zingine zilimuacha acheze kwenye majani, lakini ndani ya nyumba yao asiingie, hata kubadilisha nguo. Kwa hiyo bingwa wa Wimbledon alivalia viatu vyake ndani ya motokari. Mukubwa wa mashindano ya LPGA, Lenny Wirtz, alisimama upande wake: klabu ikimukataa mumoja, wote hawachezi pale. Klabu zingine zilipoteza mashindano kwa sababu hiyo. Ni haki kumutaja.

Nguvu ya kupiga mbali alikuwa nayo. Mwaka wa 1966 alivunja rekodi za viwanja kwa siku moja moja, na alifika nafasi ya 27 katika orodha. Lakini gofu haiamuliwi na nguvu tu. Ni ile mipigo midogo karibu na shimo, na hiyo inaombwa tangu utoto. Alikaribia sana mwaka wa 1970, pale alipomaliza sawa na walioongoza, wakacheza tena mashimo ya kuamua, akashindwa. Katika mashindano 171 hakushinda hata moja. Makuta yote aliyopata katika gofu hayakupita dola 25,000. Aliacha mwaka wa 1978.

Uzee ulimukuta vibaya. Mishipa ya kichwa ilipasuka, hakuwa na makuta ya dawa wala ya nyumba. Katika miaka ya 1990 alimupigia simu Angela Buxton, Muyahudi wa Uingereza aliyecheza naye tenisi wawili wawili na kushinda naye Wimbledon mwaka wa 1956, akamuambia amechoka na maisha. Yule rafiki aliandika barua iliyotoka katika gazeti la tenisi, na watu wa inchi mbalimbali, wengi hawakumuona hata siku moja, walituma makuta. Yalikaribia dola milioni moja.

Althea Gibson alikufa tarehe 28 Septemba 2003 huko East Orange, New Jersey, akiwa na miaka 76. Sanamu yake imesimama tangu 2019 pale New York kwenye viwanja vya tenisi. Kwa upande wa gofu, mweusi wa pili, Renee Powell, alikuwa ameingia tangu 1967. Hawa wawili walisafiri na kucheza mashindano yale yale kwa miaka.