Cavendish na Gesi Inayovunja Chuma

Wote tuliosoma kemia kidato cha pili tunaukumbuka ule mlio wa pop wa haidrojeni. Aliyeichunguza vizuri kwanza ni Henry Cavendish, Mwingereza aliyezaliwa 1731. Alikuwa tajiri lakini mwenye haya kupita kiasi; hata watumishi wake aliwaandikia vikaratasi. Mwaka 1766 alieleza jinsi zinki au chuma kikitiwa tindikali kinavyotoa hewa inayowaka. Mwaka 1784 akaonyesha kwamba hewa hiyo ikiungua inatoa maji. Akafa 1810 bila kujua kwamba inaweza kupenya ndani ya chuma na kukifanya kivunjike kirahisi. Hilo alilieleza William Johnson mwaka 1875, kwa chuma kilicholowekwa kwenye tindikali.

Sasa ukipita kwa mafundi wa kuchomelea, Kibaha au Kisarawe, angalia vijiti vyao. Vikiwa na unyevu, moto unayavunja yale maji, haidrojeni inaingia kwenye kiungo. Chuma kigumu kinaweza kupasuka saa kadhaa baadaye, mteja keshaondoka. Sisi walimu watarajiwa tusiishie kwenye pop. Tuwafundishe wanafunzi pia kwa nini fundi anakausha vijiti.